Nyumba ya kwanza ya kupangisha: Programu ifuate pango linavyolipwa

Wananchi wengi wanaoingia kwa mara ya kwanza katika biashara ya kupangisha nyumba jijini Dar es Salaam huanza na kaunta buku, kalamu na kumbukumbu ya kichwani. Miezi michache baadaye huanza kutafuta programu ya kompyuta au ya simu, ama kwa kushauriwa na jamaa, ama baada ya kugombana na mpangaji juu ya tarehe ya kuisha kwa pango. Soko la programu hizo limejaa, na kila moja hujitangaza kuwa itamwondolea mwenye nyumba adha ya hesabu.

Hata hivyo, nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya miji ambayo pango hulipwa kila mwezi. Dar es Salaam, jiji lililokuwa na wakazi zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022, kwa kiasi kikubwa bado lina desturi ya pango la miezi mitatu, sita au mwaka mzima linalolipwa mbele. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua ni chombo gani mwekezaji achukue, kabla hata ya kuuliza bei.

Miezi sita ndani ya siku moja

Chukua mfano wa nyumba moja maeneo ya Tabata yenye sehemu mbili, kila moja ikipangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Mpangaji wa kwanza anaingia tarehe 1 Machi na kulipa miezi sita, yaani shilingi 900,000. Sehemu ya pili inakaa wazi miezi miwili, kisha mpangaji anapatikana na kuingia tarehe 1 Mei akiwa amelipa miezi mitatu, shilingi 450,000.

Mwenye nyumba anapofunga hesabu mwishoni mwa Mei, kaunta buku yake inaonyesha kuwa katika miezi mitatu zimeingia shilingi 1,350,000. Akigawa kwa tatu anapata shilingi 450,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo anaweza kwenda kukopa na kukubali rejesho la shilingi 350,000 kwa mwezi ili ajenge nyumba ya pili, akiamini kuwa atabakiwa na ziada.

Hesabu ya kweli ni nyingine. Nyumba hiyo, ikiwa imejaa wapangaji wote, haiwezi kuzidi shilingi 300,000 kwa mwezi. Pango ambalo limekwisha kufanyiwa kazi hadi mwisho wa Mei ni shilingi 150,000 za Machi, 150,000 za Aprili na 300,000 za Mei, jumla shilingi 600,000. Shilingi 750,000 zilizobaki ni za miezi ambayo bado haijafika: miezi mitatu ya mpangaji wa kwanza na miwili ya mpangaji wa pili. Zipo mfukoni, lakini wapangaji bado wanaidai nyumba.

Aidha, katika miezi ya Juni na Julai hakuna hata shilingi moja ya pango itakayoingia. Tangi la maji likipasuka Juni, au bati likivuja, fundi atalipwa kutokana na fedha zilizopokelewa Machi na Mei, kama bado zipo. Pango la mpangaji wa pili linakwisha tarehe 31 Julai na la wa kwanza tarehe 31 Agosti. Wote wawili wakiamua kuhama, nyumba nzima itakuwa wazi Septemba, na rejesho la mkopo litadaiwa kama kawaida.

Kwa sababu hiyo, chombo chochote cha kutunza hesabu ya nyumba ya namna hii kinahitaji tarehe tatu kwa kila malipo: siku fedha ilipopokelewa, siku pango linapoanza na siku linapokwisha. Chombo chenye tarehe moja tu, kiwe kaunta buku au programu ya kulipia, kitampa mwenye nyumba picha ya utajiri asiokuwa nao.

Kila programu na kalenda ya kwao

Si kwamba programu za nje ni mbovu. Kila moja imefuata utaratibu wa mahali ilikozaliwa. Nchini Marekani, kwa mfano, programu ya Stessa, iliyonunuliwa na kampuni ya Roofstock mwaka 2021, hupanga mapato na matumizi ili mwenye nyumba aweze kujaza fomu ya Schedule E ya mamlaka ya kodi ya nchi hiyo. Programu nyingine za huko huvuta pango moja kwa moja kutoka akaunti ya benki ya mpangaji, na humpatia mwenye nyumba taarifa za mikopo ya mtu anayetaka kupanga. Mambo hayo yana thamani kubwa Chicago. Kwa mwenye vyumba Mbagala ambaye wapangaji wake hulipa taslimu au kwa simu, ni vitufe visivyobonyezwa.

Karibu zaidi, Nairobi, hali ni tofauti pia. Huko ni kawaida pango kulipwa kila mwezi, na wapangaji wengi hulipa kupitia namba ya Paybill ya M-Pesa, wakiandika namba ya nyumba mahali pa akaunti. Tangu Safaricom ilipofungua mfumo wake wa Daraja kwa watengenezaji wa programu mwaka 2017, malipo hayo yanaweza kusomwa na kompyuta na kuwekwa kwenye hesabu ya mpangaji bila mtu kuyaandika. Mwenye jengo la wapangaji 20 hupokea malipo 240 kwa mwaka, na kazi ya kuyalinganisha kwa mkono ni kubwa.

Hata mamlaka ya kodi ya Kenya huhesabu kwa mwezi. Kodi ya mapato ya pango iliyoanza Januari 2016 kwa kiwango cha asilimia 10 ilishushwa hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024, nayo hutozwa kwenye pango lote bila kuondoa gharama na kulipwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Programu iliyotengenezwa kwa soko hilo lazima iwe na mwezi ndani ya mifupa yake.

Programu ya aina hiyo ikiletwa Dar es Salaam na kuingiziwa shilingi 900,000 za Machi, mojawapo ya mambo matatu hutokea. Inaweza kuzigawa vizuri katika miezi sita. Inaweza kuziweka kama salio la mpangaji na kuzikata kila mwezi, jambo ambalo pia linafaa. Au inaweza kuziandika zote kuwa mapato ya Machi, kisha kuanzia Aprili ikaanza kumwonyesha mpangaji kuwa mdaiwa. Programu yenye tabia hii ya tatu, hasa ikiwa hutuma ujumbe wa madai yenyewe, inaweza kumgombanisha mwenye nyumba na mpangaji aliyelipa vizuri kuliko wote.

Kodi ya zuio na LUKU

Eneo la pili linalozishinda programu nyingi ni makato. Kiwango cha kodi ya zuio kwenye pango linalolipwa kwa mwenye nyumba mkaazi wa Tanzania ni asilimia 10. Mpangaji anayetakiwa na sheria kuikata, kwa mfano kampuni iliyompangishia mfanyakazi wake, huipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania na kumpa mwenye nyumba kiasi kinachobaki.

Katika mfano wa Tabata, kama mpangaji wa pili ni kampuni, basi kwenye shilingi 450,000 itakata shilingi 45,000 na mwenye nyumba atapokea shilingi 405,000. Chombo cha hesabu kinatakiwa kuonyesha namba zote tatu. Kikiandika shilingi 405,000 peke yake, kitadai kuwa kampuni imebakiza shilingi 45,000, na mwenye nyumba anaweza kuzidai kwa ukali wakati fedha hizo zimekwisha kulipwa kwa jina lake. Vilevile akipoteza hati ya makato hayo, atakosa uthibitisho pale atakapotakiwa kuonyesha kodi aliyokatwa. Pawepo na mahali pa kuweka picha ya hati hiyo pembeni ya malipo yake.

Kuna pia kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo imekuwa ikikatwa wakati wa kununua umeme wa LUKU. Kiwango kilichowekwa mwaka 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwenye wajibu wa kodi hiyo ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Katika miezi sita mpangaji wa nyumba ya kawaida anaweza kuwa amemlipia mwenye nyumba shilingi 9,000.

Kiasi ni kidogo, lakini ugomvi wake si mdogo. Makubaliano ya nani anabeba makato hayo yaandikwe kwenye mkataba, na chombo cha hesabu kiwe na safu yake, ili siku ya kulipa pango jipya fedha hiyo ipunguzwe bila mabishano. Programu ya kigeni haina safu hiyo. Swali la kuuliza ni iwapo mtumiaji anaruhusiwa kuiongeza mwenyewe.

Suala la fedha ya kuandikia nalo limebadilika. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma nchini kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Programu inayotoa ankara kwa dola pekee haimfai mwenye nyumba wa Tanzania, hata kama nyumba yake iko Masaki.

Bei ya chombo na ukubwa wa nyumba

Baada ya hapo ndipo suala la bei linapoingia. Tukio la malipo ya pango katika nyumba ya wapangaji wawili wanaolipa kila miezi sita hutokea mara nne tu kwa mwaka. Ukiongeza mafundi, maji na matumizi madogo, kurasa chache zinatosha. Programu inayotoza, kwa mfano, shilingi 25,000 kwa mwezi itakula shilingi 300,000 kwa mwaka. Kwa nyumba ya Tabata hiyo ni sawa na pango la mwezi mzima la sehemu zote mbili.

Kwa nyumba ya ukubwa huo, lahajedwali hutosha. Aina hiyo ya programu ilianza kuuzwa mwaka 1979 kwa jina la VisiCalc, na Excel ya Microsoft ilitoka mwaka 1985. Leo Google Sheets hutumika bila malipo kwa mwenye akaunti ya Google, na LibreOffice Calc hupatikana bure na kufanya kazi bila intaneti. Kinachohitajika ni karatasi mbili. Ya kwanza ni ya pango, yenye namba ya chumba, jina la mpangaji, tarehe ya kupokea, idadi ya miezi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, pango kamili, kodi ya zuio, kiasi kilichopokelewa na namba ya muamala. Ya pili ni ya matumizi, yenye tarehe, kazi iliyofanyika, fundi, kiasi na picha ya stakabadhi.

Fomula moja, EDATE, huongeza miezi kwenye tarehe. Mtumiaji akiandika 1 Machi na miezi 6, inampa 1 Septemba, siku ambayo pango jipya linatakiwa kuanza. Akiondoa siku 30 anapata 2 Agosti, siku ya kumkumbusha mpangaji au kuanza kutafuta mwingine. Hakuna programu ya kulipia itakayompa mwenye nyumba mbili jambo lenye faida kuliko tarehe hiyo.

Kaunta buku nayo isitupwe. Saini ya mpangaji kwenye kitabu cha stakabadhi ni ushahidi ambao wazee wa mtaa na mahakama huuelewa bila kuwasha kompyuta. Kazi ya lahajedwali ni kuhesabu. Kazi ya stakabadhi ni kuthibitisha.

Ujumbe wa simu hautoshi

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo pango hulipwa pia kwa Airtel Money, Mixx by Yas na mitandao mingine. Baadhi ya wenye nyumba huchukulia ujumbe wa simu kuwa ndiyo kumbukumbu yenyewe. Simu ikiibwa au kuharibika, kumbukumbu hupotea nayo. Zaidi ya hayo, jina linalotokea kwenye ujumbe mara nyingi si la mpangaji. Kaka hulipa kwa niaba ya dada, au wakala hutuma kwa laini yake.

Dawa yake ni kutambua malipo kwa namba ya chumba badala ya jina, na kunakili namba ya muamala siku hiyo hiyo. Ni vyema pia kuwa na laini au akaunti ya pango peke yake, isiyochanganywa na fedha za duka au za nyumbani. Bila utengano huo, hata programu ghali itahesabu mauzo ya sukari kuwa pango.

Mlango wa kutokea

Mwekezaji anapoingiza hesabu zake katika programu ya mtu mwingine, aulize atatokaje. Kampuni kubwa nazo hufunga huduma. Microsoft iliacha kuuza programu yake ya Money mwaka 2009, na Intuit ilifunga Mint, iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji, Machi 2024. Aliyekuwa na nakala yake mkononi alihamia kwingine. Asiyekuwa nayo alianza upya. Programu isiyoruhusu kumbukumbu zote kutolewa kama faili la Excel au CSV isipewe hesabu za nyumba, hata ikiwa ya bure.

Jambo jingine ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na zitunzwe kwa usalama. Mwenye nyumba anayebaki na nakala ya kitambulisho cha NIDA cha mpangaji, namba za simu za ndugu zake na mahali anapofanya kazi, ana jukumu juu ya taarifa hizo. Akizipakia kwenye programu asiyoijua wenyewe wala mahali inapozihifadhi, anaweka rehani taarifa zisizo zake.

Jaribio la nusu saa

Programu nyingi za kulipia hutoa muda wa majaribio. Nusu saa inatosha kuipima kwa kuingiza mambo matano yanayotokea kila siku Dar es Salaam:

1. Malipo ya miezi sita yaliyopokelewa siku moja. Baada ya hapo iangaliwe inasemaje kuhusu mwezi wa nne: mpangaji amelipa au anadaiwa?

2. Pango la shilingi 450,000 lililokatwa kodi ya zuio ya shilingi 45,000. Je, inamwonyesha mpangaji kuwa amemaliza?

3. Mpangaji aliyelipa nusu leo na nusu baada ya wiki mbili, kwa majina mawili tofauti ya simu. Je, yote yanaingia chumba kimoja?

4. Chumba kilichokaa wazi miezi miwili. Je, inaonyesha pango lililokosekana, au inanyamaza kana kwamba chumba hakipo?

5. Kumbukumbu zote zitolewe kama faili. Je, faili linafunguka kwenye Excel likiwa na tarehe na namba zilizokamilika?

Programu inayoshinda majaribio yote matano inastahili kuulizwa bei. Inayoshindwa la kwanza haina haja ya kuendelea kujaribiwa, kwa kuwa kosa lake litaingia katika kila hesabu inayofuata.

Wakati wa kupanda daraja

Lahajedwali nalo lina mwisho wake. Dalili za kuhitaji programu kamili hujitokeza pale wapangaji wanapoanza kulipa kila mwezi, pale mtu zaidi ya mmoja anapoandika hesabu zile zile, au pale mwenye nyumba anapoishi mbali na kumtegemea msimamizi. Katika hali hiyo ada ya mwezi hununua ulinzi: kila aliyeingiza au kubadili namba huonekana kwa jina na saa.

Kabla ya kufika huko, mwekezaji wa nyumba ya kwanza anahitaji namba moja kila mwisho wa mwezi, nayo ni kiasi gani cha fedha alizonazo bado ni cha miezi isiyofika. Katika nyumba ya Tabata namba hiyo mwishoni mwa Mei ilikuwa shilingi 750,000. Anayeijua hatakopa kwa kutegemea shilingi 450,000 kwa mwezi ambazo nyumba haijawahi kuzaa, na fundi wa tangi atakuta fedha yake ikimsubiri.